Kigari cha kifahari na ngazi 64

Usingizi umekuwa adimu kwangu kuliko sukari mwezi wa Ramadhani. Mwezi huu sitaongea habari za wapenzi waliokosana kwa sababu ya meseji za usiku, wala habari za wakwe. Tuseme mkwe atapita kidogo, lakini si kwa ubaya. Mwezi huu nataka tuzungumze habari ya kigari cha mtoto. Najua kuna atakayeguna, "Ah, kigari nacho ni cha kuandikiwa safu nzima?" Ngoja kwanza shoga yangu, usifungue ukurasa mwingine. Kigari hicho hicho kilinifungia ndani mwezi mzima, na nusura kitufunge midomo mimi na mume wangu tusiongee tena.

Tunaishi Upanga, Dar es Salaam, kwenye moja ya yale majengo ya zamani ya ghorofa nne, na sisi tuko juu kabisa. Lifti hakuna na haijawahi kuwepo. Kutoka mlango wa chini hadi mlango wetu kuna ngazi 64. Nina uhakika na hesabu hiyo kwa sababu nilizihesabu nikiwa na mimba ya miezi minane, napumzika kila kona kama bibi kizee anayepanda mlima. Sebule yetu ukishaweka makochi, meza na friji ambayo jikoni iligoma kuingia, inabaki njia ya kupita mtu mmoja. Maisha ya fleti ndiyo hayo. Uko mjini, kazini karibu, hospitali karibu, lakini kila unachokinunua lazima ujiulize kwanza kitakaa wapi.

Wiki mbili kabla sijajifungua, mume wangu akarudi jioni anacheka peke yake. Nyuma yake vijana wawili wanahema, wamebeba boksi kubwa kama la friji.

"Mke wangu, fumba macho!"

Nikafumba. Nilipofumbua nikakuta kigari. Yaani kukiita kigari ni kukidhalilisha, lilikuwa gari kabisa. Matairi makubwa ya upepo, kitanda cha kumlaza mtoto, kiti cha kukalia akikua, kiti cha kumfunga kwenye gari la familia (ambalo hatuna), na mahali pa kuweka kikombe cha kahawa cha mama. Rangi nyeusi na dhahabu, vile vile unavyoviona kwenye picha za watu maarufu. Nikashangilia, nikamkumbatia, nikapiga picha nikawatumia mashoga zangu. Wote wakajibu maneno yale yale: "Hongera, unapendwa wewe!" Na kweli nilijiona napendwa.

Mtu mmoja tu hakushangilia. Mama mkwe, aliyekuwa keshafika kutoka Tanga kunisubiri nijifungue, alilizunguka lile gari mara moja, akabonyeza tairi kwa kidole kama anayekagua embe sokoni, akasema, "Zuri, mwanangu. Sasa nani atalipandisha na kulishusha?"

Tukacheka. Tukasema mama naye na mambo yake ya zamani.

Nilijifungua kwa upasuaji. Siku ya kuruhusiwa, daktari aliniambia wazi kwamba kwa wiki 6 nisinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wangu. Mwanangu alikuwa na kilo tatu na robo. Lile gari, kwa maandishi ya kwenye boksi lake, lilikuwa na kilo 15 likiwa tupu, bila mtoto, bila nepi, bila chupa ya maji. Hesabu piga mwenyewe.

Sebuleni lilikaa siku tano. Kwenda chooni usiku ilibidi upite kiubavu, na mume wangu alijigonga kidole cha mguu mara mbili kwenye tairi lile lile, akatamka maneno ambayo mtoto mchanga hatakiwi kuyasikia. Likashushwa, likawekwa uwazi wa chini ya ngazi na kufunikwa turubai. Siku ya kwanza watoto wa jengo wakalipanda kwa zamu. Siku ya tatu maji yakakatika, na mama mkwe akaniita dirishani kwa sauti ya chini, "Njoo uone gari lako." Nikasogea polepole na mshono wangu. Chini pale, mlinzi alikuwa amepakia madumu matatu ya maji, mawili kitandani na moja kwenye kikapu, anasukuma taratibu kwa madaha kama baba aliyepata mapacha. Nilicheka mpaka mshono ukauma. Mume wangu hakucheka. Jioni hiyo hiyo alilipandisha tena juu kwa hasira, akaliegesha chumbani karibu na dirisha, na pale likakaa.

Arobaini ikaisha, mama mkwe akarudi kwake Tanga. Mume wangu anaondoka saa kumi na mbili asubuhi, anarudi saa mbili usiku. Nikabaki mimi, mtoto na gari.

Sheria ya kazi ya Tanzania inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 kwa mtoto mmoja. Mimi siku hizo nilikuwa nimezipangia kila kitu. Nilijiona jioni nikitembea na mwanangu, nikipita kwa muuza madafu, nikimsalimia huyu na yule. Kumbe bwana! Kutoka nje kwangu kukawa kama kile kitendawili cha mtu mwenye chui, mbuzi na majani anayetaka kuvuka mto kwa mtumbwi mdogo. Nikishusha gari kwanza, mtoto nimwache na nani juu? Nikimshusha mtoto kwanza, nimwache na nani chini wakati nalifuata gari? Na hata ningempata wa kumshika, kilo 15 hizo zingenyanyuliwa na tumbo gani? Kila asubuhi nilikuwa nasema leo nitatoka. Kila jioni nilikuwa bado niko dirishani, khanga ile ile, nawaangalia watu wanapita barabarani. Mashoga zangu wakipiga simu nawaambia niko poa. Nikikata simu nalia, na ukiniuliza nalia nini, sijui.

Wiki ya 10 ikafika, siku ya chanjo. Tanzania mtoto akishapata zile za kuzaliwa, anarudi kliniki akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Ya wiki 6 nilikwenda na mama mkwe. Ya wiki 10 nikamfunga mwanangu kifuani kwa khanga, nikashuka ngazi 64 nimeshika ukuta, fundo la khanga linanibonyeza pale pale kwenye mshono. Nesi alimchoma sindano mtoto, akampima, akaandika kadi. Halafu akaniangalia mimi, akaniuliza, "Na wewe mama, unaendeleaje?"

Jamani, swali dogo kama hilo. Nililia pale mbele ya kina mama wote waliokuwa kwenye benchi. Yule nesi, Mungu ambariki, hakunishangaa. Alinikalisha pembeni, akaniuliza maswali yake taratibu, kama nalala, kama nakula, kama huwa nawaza kujidhuru au kumdhuru mtoto. Akaniambia nirudi baada ya wiki moja anione tena, na hali ikizidi kabla ya hapo nisisubiri. Kisha akasema, "Toka nje kila siku, hata robo saa. Na mwambie baba mtoto. Usimfiche."

Usiku ule nikamwambia. Lakini si unajua maneno yaliyokaa moyoni muda mrefu yanavyotoka? Yalitoka yameshika panga. Yeye ndiye alianza, masikini, kwa nia njema kabisa: "Kama unataka kutoka, mbona hulitumii lile gari la mtoto? Hela yote ile nimetoa!" Nikamjibu, "Hukuninunulia gari. Umeninunulia jela, tena ukaiweka chumbani niitazame."

Akanyamaza. Tulilala kila mtu na ukuta wake. Siku tatu tukawa tunaongea kwa kumpitia mtoto. "Mwambie baba yako chakula kiko mezani." "Mwambie mama yako nimeshakula kazini." Mtoto wa miezi miwili na nusu ndiye mshenga wetu!

Jumamosi nikaona huu ni ujinga. Nikamwambia, "Baba, leo naomba umpeleke mtoto kwa muuza matunda. Wewe mwenyewe, na gari lake. Mimi nitakuwa nyuma yako, lakini sitagusa kitu." Akaona ni dogo tu. Nikamfunga mtoto kifuani kwa khanga, akalinyanyua gari kiubavu, akaanza kushuka. Nilimfuata hatua kwa hatua, mikono tayari kama kipa, roho juu juu. Ghorofa ya tatu akapumzika. Ghorofa ya pili akaliweka gari chini, akakaa kwenye ngazi, shati limelowa mgongo mzima.

"Bado ngapi?"

"Thelathini na mbili za kushuka. Halafu 64 za kurudi, na ndizi mkononi."

Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akaniambia kitu ambacho hakuwahi kuniambia tangu tuoane. Mama yake aliwalea kwa kuuza vitumbua. Yeye alikulia mgongoni, kwenye moshi wa kuni, jua likiwaka na mvua ikinyesha, mama amembeba yeye nyuma na beseni kichwani. "Nilijiapiza mtoto wangu atapanda gari," akasema. "Nikaingia dukani nikaomba kubwa kuliko yote. Wewe sikukuwaza kabisa."

Na mimi nikasema langu, kwa sababu kosa halikuwa la mtu mmoja. Siku ile ile nilipofumbua macho niliona kwamba gari halitapita koridoni. Niliona! Nikanyamaza kwa kuogopa kumkata furaha, nikapiga picha nikawaringia mashoga. Zawadi ukiipokea kwa kicheko cha uongo, mwenye kukupa atajuaje kuwa inakuumiza? Tulikaa pale kwenye ngazi ya ghorofa ya pili mpaka jirani akatuuliza kama tumefiwa.

Haya, sasa tuingie kwenye somo lenyewe, maana tulilinunua kwa gharama na wewe nakupa bure. Lile gari tulimuuzia mama mmoja wa Mbezi, anaishi nyumba ya chini yenye uwanja, na kwake linafaa kabisa, lile tairi kubwa linakata mchanga kama trekta. Kwa hiyo gari halikuwa baya. Nyumba ndiyo haikuwa yake. Kisha tukaanza upya, safari hii wawili.

Kwanza tulipima nyumba kabla ya kwenda dukani. Tulichukua futikamba ya fundi nguo, tukapima mlango wa chumbani (sentimita 70), koridoni mahali penye mtungi wa gesi (sentimita 58), na uwazi wa chini ya kitanda (sentimita 24). Tukaandika kwenye karatasi. Mwenye lifti naye akapime mlango wa lifti, maana kuna lifti za mji huu ukiingia na mkoba mkubwa tayari imejaa. Vigari vingi vidogo vina upana wa sentimita 45 hadi 50, kwa hiyo milango haviisumbui. Kinachotofautiana sana ni ukubwa wake vikishakunjwa. Kile kiitwacho YOYO, kwa mfano, kilichobuniwa Ufaransa, kikikunjwa kina sentimita 52 kwa 44 kwa 18. Siku hizi madukani vimejaa vya mtindo huo huo kwa bei nafuu zaidi. Wewe usiangalie jina, angalia vipimo vyako.

Pili ni uzito. Kwa mtu wa ngazi, mimi nasema kisizidi kilo 7. Na usiuamini mdomo wa muuzaji, kibebe. Mimi nilikwenda dukani na mfuko wa mchele wa kilo tano, nikaupakata mkono wa kushoto kama mtoto, mkono wa kulia nikakunja kigari, nikakitundika begani, nikapanda ngazi za duka hadi juu na kurudi. Vijana wa duka walinicheka mpaka wakashika mbavu. Lakini vigari viwili kati ya vinne nilivyovijaribu viligoma kukunjika kwa mkono mmoja, na kimoja kikikunjika kinafunguka chenyewe njiani. Wangeniambia? Thubutu! Unataka kigari kinachokunjika kwa mkono mmoja na kinachojifunga chenyewe, uusikie ule mlio wa "ka!"

Tatu, na hapa naomba unisikilize vizuri mama wa kichanga: kiti lazima kilale. Si kuinama kidogo, kulala chali kabisa. Mtoto mchanga shingo haijakomaa na kichwa chake ni kizito. Ukimkalisha, kidevu kinaangukia kifuani na njia ya hewa inabanwa, na hataweza kulia kukuita. Vigari vingi vidogo vimeandikwa kuwa ni vya mtoto wa kuanzia miezi 6, yaani anayeweza kukaa mwenyewe. Hata hiyo YOYO, kiti chake cha kawaida ni cha miezi 6 na kuendelea, kichanga anahitaji kitanda chake ambacho ni kifaa cha ziada. Kwa hiyo soma lebo, halafu kilaze mwenyewe kwa mkono wako uone. Muuzaji mmoja aliniambia "kinalala hiki dada", nikakilaza, kumbe kinaegama tu kama mtu anayeangalia mpira kwenye kochi.

Nne, mikanda na breki. Mikanda iwe ya pointi tano, yaani miwili mabegani, miwili kiunoni na mmoja katikati ya miguu. Breki ikanyage kisha ukisukume kigari kwa nguvu, kisisogee. Kikiwa na alama ya EN 1888, hicho ni kiwango cha Ulaya cha usalama wa vigari vya watoto. Cha Marekani ni ASTM F833. Ukinunua mtumba, na mitumba mizuri ipo, kagua bawaba moja moja. Na vidole vya watoto viwe mbali wakati wa kukunja na kukunjua. Mwaka 2009 kampuni ya Maclaren ilitoa tahadhari Marekani kwa vigari vyake karibu milioni moja, kwa sababu bawaba zilikuwa zimekata ncha za vidole vya watoto kadhaa, wakagawa vifuniko vya kuziba bawaba hizo.

Jina hilo la Maclaren lina kisa chake. Owen Maclaren alikuwa mhandisi wa ndege Uingereza, mmoja wa waliohusika na miguu ya kutulia ya ndege ya kivita ya Spitfire. Inasimuliwa kwamba binti yake alikuja kumtembelea kutoka nje na mtoto, akalalamika jinsi kigari chake kizito kilivyomtesa safarini. Mzee akakaa chini akabuni kigari cha alumini kinachokunjika kama mwavuli, akaomba hataza mwaka 1965. Kilikuwa na kilo tatu hivi. Mimi nilipokisikia kisa hiki sikuwaza Spitfire. Niliwaza kwamba kigari cha kukunja kama mwavuli kilianza pale mwanaume mmoja alipomsikiliza mwanamke anayesema, "Hiki kinanichosha." (Ila vile vya mwavuli vyenye kiti cha kitambaa kinachobembea si vya kichanga, msubirishe mpaka akae.)

Tano ni matairi, na hapa sitakudanganya. Kigari kidogo kina matairi madogo, na matairi madogo hayapendi barabara zetu. Kwenye mchanga yanazama, kwenye kifuniko cha mtaro kilichovunjika yananasa. Chagua chenye matairi ya mbele yanayozunguka lakini yanayoweza kufungwa yakae sawa. Ukifika kwenye mchanga, geuka ukivute kinyumenyume, kitapita. Na usitundike mifuko ya sokoni kwenye mpini. Kigari chepesi kikizidiwa nyuma kinapinduka na mtoto wako, mizigo iwe kwenye kikapu cha chini.

Sita, joto la Dar. Nawaona kina mama wanafunika kigari kwa khanga au blanketi ili mtoto asipigwe jua. Tuache. Ukikifunika hivyo hewa haipiti, na joto la ndani linapanda haraka kuliko unavyodhani. Tafuta chenye kofia kubwa ya kivuli na kidirisha cha wavu, tumia chandarua chepesi kwa ajili ya mbu, na utoke kabla ya saa tatu asubuhi au kuanzia saa kumi na moja jioni.

Na ngazi je? Ngazi tuliziachia khanga. Mtoto hapiti ngazi akiwa ndani ya kigari, hata siku moja, hata mkiwa watu wawili wa kukibeba. Namfunga kifuani, uso nauona, kidevu hakijagusa kifua chake, kigari nakitundika begani kwa mkanda wake, mkono mmoja kwenye ukuta. Chini nakikunjua, namlaza, namfunga mikanda, tunaondoka. Mbeleko haijagombana na kigari. Kila mmoja ana barabara yake.

Tulichokichagua kina kilo 6 na nusu, rangi ya kijivu isiyo na dhahabu yoyote, na kinaingia chini ya kitanda. Siku ya kwanza mume wangu alitaka kunishusha. Nikamwambia hapana, kaa hapo mlangoni unitazame. Nilishuka ngazi zote 64 peke yangu na mwanangu. Nilipofika chini nikamwita kwa sauti jengo zima lisikie, naye akashuka mbio. Tukatembea taratibu hadi Barabara ya Barack Obama, kule ufukweni, jua linazama, upepo wa bahari unapiga. Mtoto alilala tangu tulipotoka. Mimi nilinunua dafu. Nilikuwa nimebakiza siku 8 za likizo, na nikazitoka zote, moja moja. Kwa yule nesi nilirudi kama alivyoniagiza, tena nikarudi mara ya pili. Safari hizo nilijibu maswali yake bila kulia.

Mwezi uliopita mama mkwe alikuja kututembelea. Nilipokitoa kigari chini ya kitanda alikiangalia, akakinyanyua kwa mkono mmoja, akakishusha, akakinyanyua tena. "Hiki sawa," akasema. Jioni nikamkosa ndani, na mtoto naye hayupo, na uvungu mtupu. Nikachungulia dirishani. Alikuwa barabarani amejitanda khanga yake mpya, anamsukuma mjukuu wake, shingo imenyooka kama bwana harusi, anasalimia watu asiowajua. Mume wangu akaja akasimama nyuma yangu, naye akachungulia. Hakusema kitu. Nikamwona anajifuta jicho kwa mkono wa shati.

Basi msomaji wangu, kama unatarajia mtoto na unaishi ghorofani, funga ukurasa huu uende ukahesabu ngazi zenu. Na wewe baba unayetaka kumfumba macho mkeo, mwache afumbue kwanza, mwende wote.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.